Windows ya Zlatina

Inspekta aliingia kwenye jumba la kusomea saa nne asubuhi ya Jumanne, akapangusa viatu vyake mlangoni taratibu, cha kushoto kisha cha kulia, na kule kupangusa viatu ndiko kulikomtisha Zlatina Peeva. Watu wa Gorna Breza wanaokuja kuazima kitabu huingia na matope yao. Anayepangusa namna ile anajua atakaa.

"Wewe ndiye mwenye dhamana hapa, mama?"

"Ndimi. Karibu. Karibu ndani, kuna baridi."

"Inspekta Harizanov, makosa ya uchumi, kutoka mkoani." Akatoa kitambulisho, akakirudisha mfukoni kabla Zlatina hajasoma hata herufi moja. "Nimekuja kuona kompyuta zenu. Tumeambiwa zina Windows ya wizi."

Zlatina alikuwa mwoga, tusidanganyane. Alimwogopa daktari wa meno, aliogopa bahasha zenye muhuri, na alipokuwa darasa la tatu alilia mbele ya shule nzima kwa hofu ya kukosea shairi ambalo hatimaye hakulikosea. Lakini hofu iliyomshika sasa ilikuwa na haki yake, maana kosa alikuwa nalo. Halikuwa kosa alilolifuata inspekta, ila hofu ikishaingia haiulizi ni kosa gani.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma benki moja ilihama mjini, ikaliachia jumba la kusomea kompyuta saba tupu, hazina kitu ndani. Jumba halikuwa na uwezo wa kununua Windows saba, na Zlatina, mtu anayeogopa hata kuvuka barabara, hakuthubutu kuweka ya kunakili kama wafanyavyo wengine. Akajifundisha mwenyewe Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta unaogawiwa bure na kwa halali kabisa, akaiweka katika zote saba. Wazee wakaja, wakatazama, wakakataa. "Hii ni ya mainjinia," alisema Mzee Delcho, fundi mstaafu wa mitambo ya simu, na alipokwisha kusema yeye, nani angebaki? Mwezi ule waliingia watu wanne. Manispaa huhesabu vichwa. Jumba lisilo na watu hufungwa, na anayelitunza humwaga unga.

Basi Zlatina akashinda majira ya baridi yote akiivisha Linux nguo za Windows. Akaweka nyuma kile kilima cha majani mabichi na anga la buluu, kitufe cha kuanzia pembeni chini, pipa la taka mahali pake, hata ule mlio wa kuwaka. Wazee wakarudi wakishangilia: Zlatina katuletea Windows! Hakukanusha. Kisha siku moja Mzee Delcho, ambaye haamini kitu asichokifungua kwa bisibisi, alibonyeza mahali pa kuulizia kompyuta ni ya aina gani. Zlatina akamwambia panatengenezwa, arudi Alhamisi. Kufikia Alhamisi alikuwa ameshatengeneza kidirisha chenye nembo na maneno: Windows halisi, imesajiliwa kwa Jumba la Kusomea la Gorna Breza. Hapo alipita kiasi, na alijua. Tangu siku hiyo kila gari la polisi likipita barabarani alisimama nyuma ya pazia mpaka lipotee.

"Hazina Windows," alisema sasa, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni Linux."

Inspekta alitazama ukumbi. Wazee sita walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta, kila mmoja na uzi wake mwekundu na mweupe, ambao kwa desturi ya huku hufungwa mkononi mwezi Machi kuombeana afya, na mbele yao vilima vya majani mabichi viling'aa kimoja baada ya kingine. Naye inspekta alikuwa na uzi kama huo kwenye kifundo cha mkono, ameufunga mtoto bila shaka, maana fundo lilikuwa kubwa.

"Mama," akasema, wala si kwa ukali, "nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Nimeambiwa ni ya shemeji. Nimeambiwa ilikuja yenyewe. Mtu mmoja aliniambia aliiweka marehemu mkewe. Lakini kuambiwa kwamba si Windows huku naitazama kwa macho mawili, hilo ni jipya."

"Imefanana tu. Niliifananisha mimi."

"Kwa sababu gani?"

Wazee walikuwa wamegeuka wote. Bibi Trendafila alikuwa na visikizio masikioni, lakini hata yeye alimtazama. Jibu lilikuwa fupi: kwa sababu hawa wangenikimbia. Zlatina alilifikisha ulimini, akashindwa. Akanyamaza, na inspekta, kama ambavyo angefanya inspekta yeyote, akachukulia kunyamaza kule kuwa ni kukiri.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta isiyokuwa na mtu, akabonyeza palepale alipobonyeza Mzee Delcho. Kidirisha kikafunguka. Akakisoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Mmeisajili hata kwa jina la jumba. Risiti iko wapi?"

"Hakuna risiti. Hicho nilikichora mwenyewe. Ni picha tu."

"Picha," alisema inspekta, akaandika kwenye daftari lake.

Hapo Mzee Delcho akasimama. Alikuwa mrefu, na alipenda kusimama.

"Wee kijana, mwache binti wa watu! Windows hii ni halisi. Nathibitisha mimi, Delcho Mandov, miaka thelathini na minne kwenye mitambo ya simu. Nimeikagua kwa mkono wangu huu."

"Mzee Delcho, tafadhali, kaa," alisema Zlatina.

"Sikai! Mimi si mtu wa kufichaficha. Nimesema mkahawani mbele ya watu wote, jumba letu lina Windows saba, na hatukutoa hata senti moja. Zlatina huyuhuyu kahangaika mpaka kazipata!"

"Ndivyo tulivyosikia na sisi huko mkoani," alisema inspekta, akaandika hilo nalo.

Zlatina alimgeukia Mzee Delcho. Kumbe ni yeye. Si adui, si mtu mwenye kijicho, ni mzee huyu na glasi yake ya pombe ya matunda, akijisifia.

Bibi Trendafila alivua visikizio. "Mwanangu, na mimi naapa. Windows kabisa. Umri huu nidanganye nikapate nini?" Bwana mwingine, mwenye kiatu kimoja cha matibabu, akasema ameiona Windows kwa mjukuu wake na ni hii hii, hata nyasi ni zilezile. Wakafuatana mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimtetea kwa moyo wake wote na kila mmoja akimzamisha zaidi, na inspekta akauliza majina kamili, nao wakayataja kwa fahari.

Zlatina akanyoosha mkono kwenye kipanya. "Niruhusu nikuonyeshe. Naivua sasa hivi, dakika moja, utaona iliyo chini yake."

"Usiguse!"

Zlatina aliruka nyuma kama aliyeungua.

"Ukibadilisha chochote mbele yangu unaharibu ushahidi," alisema inspekta. "Hilo ni kosa jingine, na zito kuliko la kwanza."

Akatoa flashi mfukoni. Ndani yake, alieleza, kulikuwa na programu ya polisi ya kupima leseni. Akaichomeka, akabonyeza mara mbili, akangoja. Kompyuta ikamwambia kwamba faili hilo hailifahamu. Akajaribu tena. Ikamwambia vilevile.

"Kwa hiyo umeizuia hata programu ya polisi."

"Sijaizuia! Imekataa kwa sababu ni ya Windows, na hii si..."

"Mama. Basi." Alionekana amechoka. "Nazifunga zote saba kwa lakiri. Zitakwenda kwa wataalamu Sofia. Miezi minane, mara nyingine mwaka."

Miezi minane. Jumba lingefungwa kabla majira ya joto hayajafika, yeye angekaa nyumbani akingoja bahasha yenye muhuri, na hawa wazee wangerudi kwenye madirisha yao kutazama barabara. Mzee Delcho angekosa mchezo wake wa drafti na watu wa Argentina. Bibi Trendafila angekosa Jumanne zake na mwanawe Plamen aliye Düsseldorf, ambaye ana miaka kumi na moja hajakanyaga nyumbani na humwona mama yake kwenye kioo cha kompyuta tu. Alimtazama bibi yule, na hofu ya polisi ikapambana na ile hofu nyingine, ya aibu. Ile ya polisi ikashinda.

"Wazee wangu," alisema. "Msishuhudie hivyo. Si Windows. Haijawahi kuwa Windows hata siku moja. Niliwadanganya. Mlikimbia, nami nikaogopa, nikaipaka rangi ili mrudi. Karibu miaka miwili nawadanganya."

Alitegemea kelele. Badala yake Mzee Delcho akatikisa kichwa kwa huruma.

"Umeona?" akamwambia inspekta. "Umemtisha mpaka anasema asiyoyajua."

"Maskini, hata rangi imempotea," alisema Bibi Trendafila. "Mpeni maji."

Zlatina akaanza kulia, waziwazi, kama yule mtoto wa darasa la tatu. Akasema ukweli hauna hata mtu mmoja wa kuuamini humu ndani. Akamwomba inspekta kwa mikono miwili ampigie simu fundi wao wa kompyuta, fundi yeyote, amweleze alichokiona, na kama fundi akisema ni Windows basi wamchukue na yeye pamoja na mashine.

Huenda inspekta alichoka kusikia kilio, huenda alitaka tu kuulizia ile flashi. Alipiga, akaiweka simu mezani sauti ikiwa juu. Fundi alisikiliza akitafuna kitu.

"Bonyeza Control na Alt na F3, zote pamoja," alisema.

Inspekta alibonyeza. Kilima kikatoweka. Kikabaki kioo cheusi, na juu yake mstari mmoja wa herufi nyeupe ukiuliza jina la anayeingia.

"Kuna nini?"

"Giza. Na maandishi meupe. Imeandikwa Linux na tarakimu."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. "Bosi, hiyo Linux! Hiyo haina leseni ya kuiba, ni ya bure. Nani kaipaka hivyo? Mwambie akikosa kazi aje huku."

Inspekta akaenda kwenye kompyuta nyingine tano, moja moja, kila mzee akimpisha kiti chake, akabonyeza. Kilima kikazimika, na kingine, na kingine. Alibakiza ya Bibi Trendafila tu, na nadhani hapo aliona yametosha. Akakata simu. Akasoma alichokiandika kwenye daftari, kurasa tatu nzima za ushahidi wa wazee wenye akili timamu, akazichana.

"Sijui sheria inayokataza mtu kuipaka rangi kompyuta yake," alisema. "Siku njema, mama. Kunywa maji."

Mlango ulipofungwa Zlatina alikaa chini pale pale aliposimama, juu ya rundo la magazeti. Zimebaki. Zote saba zimebaki, jumba limebaki, na yeye yuko huru. Alitaka kucheka. Kisha akainua macho, akaona hakuna anayecheka.

Mzee Delcho alikuwa bado anakitazama kioo cheusi. "Siku ile uliniambia nirudi Alhamisi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ukaenda ukachora."

"Ndiyo."

"Nami nikamwapia polisi. Kwa jina langu." Akavaa kofia, akatafuta fimbo yake, na alipompita Zlatina hakumgusa bega kama alivyozoea. Bwana mwenye kiatu cha matibabu akamfuata, na wengine watatu nyuma yake, hakuna aliyeaga.

Alibaki Bibi Trendafila, mbele ya kilima pekee kilichobaki. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshika visikizio mapajani kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa na hofu ambayo Zlatina aliijua vizuri, maana ilikuwa yake mwenyewe.

"Zlatina, binti yangu. Kwa hiyo kinachoonekana humu unaweza kukichora."

"Baadhi ya vitu, bibi. Rangi, picha, vitu vya hivyo."

"Hata kitu kinachoongea."

"Bibi?"

Kompyuta ikaanza kulia. Ilikuwa saa tano kamili, saa ya simu kutoka Düsseldorf, na katikati ya nyasi ikatokea picha ndogo ya mwanamume mwenye shati la buluu, na jina lake chini. Bibi Trendafila hakusogeza mkono. Aliitazama picha ile kwa jicho kali, kama anayekagua noti sokoni.

"Shati lilelile," alisema polepole. "Ukuta uleule nyuma yake. Miaka kumi na moja tangu aondoke, na hajazeeka. Kila nikimwambia njoo, ananiambia mwakani." Akageuka. "Huyu ni Plamen, binti yangu? Au na huyu ulinichorea, ili nisiache kuja?"

"Ni yeye!" Zlatina alipiga magoti kando ya kiti, akamshika mikono, na mikono ilikuwa ya baridi. "Ni Plamen mwenyewe, bibi, naapa, ni mwanao, mpokee uone!"

Bibi Trendafila alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta kitu.

"Na Windows uliniambia hivyohivyo," alisema, na kompyuta ikaendelea kulia mpaka ikanyamaza yenyewe.