Mpokeaji wa Maumivu ya Panya

Saa mbili kamili asubuhi Matayo alimtoa panya namba moja kwenye kasha, akamweka juu ya bamba la shaba lililopashwa moto wa spiriti, akatazama saa. Panya wa kawaida husimama hapo sekunde nane, kisha huinua mguu na kuulamba, na hapo hapo huondolewa na kurudishwa kwenye pamba yake. Kazi ya Matayo ilikuwa kuhesabu hizo nane. Aliifanya akiwa na kaptula iliyopigwa pasi kwa wanga na soksi ndefu mpaka magotini, kwa sababu panya wenyewe walikuwa weupe, wamekuja kwa meli, na aliona wanastahili kuhudumiwa na mtu nadhifu.

Ilikuwa mwaka 1952, katika kituo kidogo cha kupima dawa, nje kidogo ya Korogwe. Majirani zake wa mtaa wa Masuguru walimwita Daktari wa Panya. Neno la kwanza Matayo alilisikia vizuri sana. Mengine yalichukuliwa na upepo.

Asubuhi hiyo panya namba moja alikuwa amenyweshwa matone matatu ya mzizi wa mhoza, mti ambao Wazigua wa Handeni huutumia kutuliza maumivu. Sekunde nane zikapita. Panya akatulia zake, akasafisha masharubu. Aliyeinua mguu ni Matayo. Nyayo zilimwaka ndani ya viatu, akaruka, na kwa kuwa hakuweza kuulamba mguu mbele ya mkubwa wake, akaupuliza kwa mbali.

Bwana Lofti, mtafiti mwenyewe, Mwingereza mwembamba mwenye subira nyingi, alikuwa na saa yake pia.

"Panya, thelathini," alisema. "Matayo, nane. Andika."

Akachora safu mpya pembeni mwa daftari, juu yake akaweka herufi M. Kisha wakamchukua panya namba mbili.

Matayo alijua fika kosa ni la nani, na hilo lilimuuma kuliko nyayo. Mwezi mmoja nyuma walikwenda Handeni kwa lori kumwona Bi Mwanaidi, mchimba dawa. Bibi alijifunga khanga kiunoni, akapiga jembe la kwanza, kisha akasimama akauliza, "Nani anapokea?" Alieleza taratibu. Maumivu hayafi, yanahama. Mgonjwa huja na watu wake, kila mmoja hutamka kwamba anapokea, wakagawana: huyu akapata kichomi cha jioni moja, yule jino likamgonga kidogo, basi, yakaisha. Mgonjwa mwenyewe akiyataka tena, huyaita yakarudi. Asipokuwepo wa kupokea, mzizi hauchimbwi.

"Anasemaje?" Bwana Lofti aliuliza.

Hapo Matayo aliona haya. Msomi wa darasa la nane, mtu anayejua mizani ya gramu, ataanzaje kumfasiria mzungu habari za maumivu yanayofunga mizigo na kuhama? Akasema bibi anaomba chumvi. Kisha, ili mambo yaishe wapate kula, akamgeukia bibi akajibu, "Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, bibi. Chimba tu."

Bi Mwanaidi alizitazama zile soksi kwa muda, akachimba magunia mawili. Alipewa na chumvi pia, ratili tatu, akaipokea bila kuuliza ni ya nini.

Basi ikawa hivyo. Kwa wiki sita Matayo alipokea maumivu ya panya mia mbili na kumi na wawili. Wengine walijaribiwa kwa kubanwa mkia, na maumivu hayo, yalipokosa mkia kwa Matayo, yalitua pale ambapo ungekuwepo. Alijifunza kula amesimama. Jioni alipita Masuguru akichechemea, na walipomwuliza alisema ni mambo ya kitaalamu.

Ila nyumbani alikuwa na mama yake.

Mama Shida alikuwa ameanika singa za mkonge kwenye shamba la wazungu kwa miaka thelathini, ameinama, na mgongo ulibaki ulivyozoea. Zamani Bi Mwanaidi alimletea mhoza kila masika, na wanawake kumi na wawili wa kambi ya shamba walikaa kwenye mkeka wakapokea, kila mmoja kipande chake. Sasa wengi walikuwa wamekufa au wamerudi makwao. Na mhoza wenyewe haukuletwa tena, kwani kichakani kule Handeni lilipigiliwa tangazo kwamba ni marufuku kuuchimba bila kibali cha kituo. Mama Shida aliwahi kuuliza ni mpumbavu gani aliyeliandika. Matayo alijibu kwamba, kwa kweli, mwandiko ulikuwa mzuri.

"Hao panya wenu wanapona?" mama aliuliza siku moja.

"Wanapona, mama."

"Basi niletee na mimi wanachokunywa."

Matayo alimweleza kanuni: dawa haipewi binadamu mpaka ripoti ikamilike. Kanuni hiyo ilikuwepo kweli, lakini siyo iliyomzuia. Tuseme wazi, aliogopa. Mzizi wote wa magunia yale ulimjua yeye, na panya mia mbili ni kitu kimoja, mgongo wa miaka thelathini ni kitu kingine. Kwa serikali alikuwa amejitolea mwili mzima, mpaka na mkia asiokuwa nao. Kwa mama aliyemzaa aliomba apewe siku mbili za kufikiri, zikawa kumi na nne.

Katika siku hizo alimfunulia Bwana Lofti maneno halisi ya bibi, akamwomba apokee walau robo. Bwana alisikiliza vizuri, akasema mtafiti haruhusiwi kuwa sehemu ya jaribio, akaenda kunawa mikono.

Jumapili moja, baada ya ibada, Matayo alimkuta mama yake sakafuni kando ya kigoda. Alikuwa ameinuka kuchukua birika, mgongo ukakataa, na amekaa hapo tangu asubuhi bila kuita mtu.  Matayo alikwenda kituoni, akamimina dawa kwenye chupa ya mafuta ya nazi, akarudi, akampa kijiko kimoja.

Mama Shida alinyooka. Aligusa boriti ya dari, akaona ina vumbi, akaifuta. Chini yake Matayo alikunjika taratibu mpaka akawa anatazama kamba za viatu vyake.

Kesho yake mama alipanda basi kwenda Mkumbara kumsalimu shoga yake, akarudi na mkungu wa ndizi kichwani. Matayo alikwenda kazini ameinama, na Bwana Lofti alimteremshia bamba kwenye meza fupi ili kazi isisimame. Nyumbani Matayo alilia asubuhi, akalia mchana, akalia akipewa chai. Aliuliza mara nyingi ni vipi mtu anaweza kuishi hivi.

Siku ya nne mama alirudi uani na kuni, akazitua, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Matayo mwanangu, umelalama siku tatu kuliko mimi miaka yote."

"Nisamehe, mama."

"Rudini," mama alisema, na hakuwa akisema na yeye. Akaanza kuinama, pole pole, mpaka uso ukawa sawa na kigoda.

"Mama, usifanye hivyo," Matayo alisema. Aliyasema akiwa amekwisha kunyooka. "Nibakishie hata nusu."

"Nusu ya nini, baba? Haya yangu, niliyafanyia kazi. Ya panya baki nayo, na wewe umeyafanyia kazi. Kunywa chai uende."

Matayo aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Alifurahi pia, na furaha ndiyo ilikuwa kubwa. Akanywa chai, akaenda.

Kituoni Bwana Lofti alimpa ripoti ainakili kwa ule mwandiko wake, iwahi barua za ng'ambo. Ilisema mhoza huondoa maumivu kabisa, wala hakuna dalili kwamba maumivu hayo huenda popote. Safu ya M haikuwemo. Bwana alieleza kwa upole kwamba haikupata nafasi kwenye jedwali. Chini ya ripoti lilikuwepo lile tangazo, nalo la kunakili upya, kwa kuwa la kichakani lilikuwa limenyeshewa na watu wa Handeni walidai hawawezi kulisoma.

Kwa kuwa Matayo alikuwa na kazi ya kalamu, Bwana Lofti mwenyewe alimweka panya namba mia mbili na kumi na tatu juu ya bamba. Sekunde ya nane ilimkuta Matayo katikati ya neno marufuku. Nyayo zikawaka chini ya meza. Alilimalizia neno, akakausha wino, akaukagua ukurasa wote kwenye mwanga wa dirisha. Haukuwa na doa hata moja.