Mguso wa Zamu

Chiriku hakuwa mwanamke wa kujidanganya. Alipompigia Besi simu na kumwambia, "Kuna filamu inataka sauti yako, siku moja tu, njoo," alijua fika kwamba mji mzima ulikuwa na wanaume wenye sauti nzito wasiopungua wanne, na yeyote kati yao angeifanya kazi ile bila taabu. Filamu ilikuwa kisingizio. Alichotaka ni jibu la swali moja: kwa nini mtu aliyempenda aliondoka miaka kumi na minane iliyopita bila hata kuaga? Na alishakata shauri kwamba Besi hatoki mle studio kabla hajajibu.

Studio sasa ilikuwa ya Chiriku. Chumba kimoja kilichofunikwa sponji ukutani, skrini, maiki moja, jagi la maji ya uvuguvugu, na nyuma ya kioo kaka yake mkubwa, fundi mitambo, mtu wa maneno machache na masikio makali. Kazi yao ilikuwa kuingiza sauti kwenye filamu za kigeni, ili watu wa kule kwenye skrini wazungumze Kiswahili kana kwamba wamezaliwa nacho. Enzi za ujana wao, Chiriku na Besi ndio waliokuwa sauti za wapenzi katika kila filamu. Walichumbiana, wakaachana, wakafa wamekumbatiana, na yote hayo kabla ya chakula cha mchana.

Besi aliingia saa tatu asubuhi, begi begani, tikiti ya basi la saa kumi ikichungulia kwenye mfuko wa shati. Mvi zilikuwa zimemshukia, na kitambi kilikuwa kinamtangulia kidogo mlangoni. Chiriku alimkagua juu hadi chini, macho makavu.

"Umenenepa."

"Na wewe hujaacha kusema."

"Niache vipi na ndiyo kazi yangu?"

"Karibu, Besi," kaka alisema kwenye spika. "Habari za siku?"

"Nzuri, kaka."

Zamani alikuwa akimwita shemeji. Chiriku aliliona hilo, akaliweka akilini.

Filamu yenyewe haikuwa na bunduki wala mbio za magari. Mwanamume na mwanamke waliowahi kupendana wanakutana stesheni ya treni, wanatembea, wanazungumza, basi. Maneno mwanzo hadi mwisho. Kazi ya namna hiyo inataka watu wanaopokezana vizuri, na hawa wawili walifundishwa kupokezana kwa mtindo wa zamani, kabla ya hawa wa siku hizi wanaorekodi mmoja mmoja na kumaliza filamu nzima bila kujuana. Walisimama bega kwa bega mbele ya maiki moja, macho kwenye skrini. Aliyemaliza kusema alimgonga mwenzake kwa kidole kwenye kifundo cha mkono. Maana yake: nimemaliza, zamu yako.

Sentensi ya kwanza ya Besi ilipoisha, kidole kilikuja. Kilikuja pale pale, juu kidogo ya mfupa. Moyo wa Chiriku uliruka. Aliukasirikia moyo wake, akasoma mstari wake bila kutetereka.

Walikwenda hivyo hadi karibu saa tisa mchana, na kusema kweli walikuwa wazuri mno. Hata kaka, ambaye sifa kwake hutoka kwa tabu, alisema "safi" mara tatu. Kisha wakafika pale mwanamke wa kwenye filamu anapouliza, "Kwa nini uliondoka?" na mwanamume anajibu, "Nilikuwa mjinga." Besi aliyasema kwa sauti iliyojaa majuto ya kupendeza.

"Safi," kaka alisema. "Tuendelee."

"Simamisha mashine," Chiriku akasema. Alimgeukia Besi. "Huyo wa kwenye skrini ameshajibu. Sasa nijibu wewe."

"Nikujibu nini?"

"Uliondoka bila kuniaga. Kesho yake nilikwenda kwako, nikamkuta mwenye nyumba anafagia chumba kitupu. Kwa nini?"

Besi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Chiriku, si ulinikataa?"

"Mimi? Lini?"

"Tulikuwa tunafanya mazoezi ya ile filamu ya rubani. Nikakwambia nimechoka kukusindikiza hadi mlangoni na kurudi peke yangu. Nikakuomba nilete wazee wangu kwenu Jumapili. Nawe ukanijibu..."

"Umechelewa," Chiriku alisema polepole. "Nimeshamkubali mwingine."

"Kumbe unakumbuka."

"Nakumbuka kwa sababu yalikuwa yameandikwa! Hayo ni maneno ya mke wa rubani!"

"Na yule mfamasia? Kila mtu alikuwa anasema ameleta posa kwenu."

"Alimposa binamu yangu! Mimi aliniuzia dawa ya kikohozi tu."

Nyuma ya kioo, kaka alikohoa.

Chiriku alikaa kwenye kiti. Alijua hasira ilikuwa njiani, ila haikujua pa kutua. "Mtafsiri alikuwa anatubadilishia mistari kila siku," alisema. "Nilidhani ni mstari mpya. Halafu ulinigonga."

"Nilikugonga?"

"Kifundoni. Ulimaliza kuomba, ukanigonga. Nani anaposa huku anagonga? Nikajua ni kazi, nikakupa jibu la kazi."

Besi alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Mazoea," alisema kwa unyonge.

"Na ulitumia ile sauti ya skrini, nzito, ya wapenzi wa watu wengine. Sauti yako mwenyewe sikuwahi kuisikia ikiniomba chochote."

"Niliogopa. Ile ya kazini huwa haiogopi."

Alisema kweli, na Chiriku aliona kwamba ni kweli. Miaka kumi na minane! Katika miaka hiyo yeye aliolewa, akaachika, akamlea binti aliyekuwa sasa sekondari. Besi naye alioa, na mwaka wa tatu huu tangu amzike mkewe. Maisha mawili yalichepuka kwa ncha ya kidole. Angeweza kulia. Badala yake kicheko kilimtoka, kikubwa, hadi kikamgusa na Besi, wakacheka wote wawili wakifuta macho.

"Jamani," kaka alisema, "kuna ukurasa mmoja umebaki, na mtu ana basi."

Wakasimama, wakaumaliza. Wale wa kwenye filamu waliagana, treni ikaondoka, skrini ikawa nyeusi. Ilikuwa saa tisa na robo. Besi alivua hedifoni, akakunywa maji, akachukua begi lake. Alisimama mlangoni akiwa na sura ya mtu anayetafuta maneno mahali ambapo hajapewa skripti.

"Haya," alisema. "Nimefurahi kukuona."

Chiriku alikuwa ameshapata jibu lake. Kama ni swali tu lililomfanya ampigie simu, basi shughuli ilikuwa imekwisha, na mgeni angeaga. Lakini nilisema mwanzo: hakuwa mwanamke wa kujidanganya.

"Weka begi chini," alisema. "Ile ya rubani tuliharibu. Na kwenye studio yangu, kazi iliyoharibika hurudiwa."

"Skripti iko wapi?"

"Hakuna. Na usinitolee ile sauti ya skrini."

Besi aliweka begi chini. Akasimama mbele yake, akaisukumiza mikono yake mifukoni. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ikikwaruza, na pumzi ilimkatikia katikati ya sentensi, yeye ambaye vijana walikuwa wakija kujifunza kwake namna ya kupumua.

"Wazee wangu... amebaki mjomba tu, na goti lake haliwezi ngazi. Lakini nimlete. Jumapili. Nimechoka kurudi peke yangu, Chiriku."

Katika miaka yake yote ya kazi Chiriku hakuwahi kukosa zamu, na sasa aliikosa kwa makusudi, kwa sababu ile sauti mbovu ilikuwa bado inalia masikioni mwake na hakutaka iishe upesi.

"Mimi Jumapili niko nyumbani," kaka alisema kwenye spika, bila kuulizwa. "Na ngazi ni tatu tu, shemeji. Tutambeba."

"Hujachelewa," Chiriku akasema. "Na sijamkubali mwingine."

Akautoa mkono wa Besi mfukoni, akakitafuta kifundo. Hakukigonga. Alikishika, na saa kumi ilipopita alikuwa bado amekishika.