Toba ya Cheptoo

Cheptoo alikuwa amechoka kueleza. Ile video ya mwanamke anayecheza uchi ilikuwa na sura yake, ile ambayo Bomet nzima iliijua kwa nyimbo zake, lakini mwili haukuwa wake. Kompyuta ndiyo iliyoubandika uso pale. Wakili wake, Sagini, alikuwa na ripoti ya mtaalamu, na kesi dhidi ya walioisambaza ilikuwa imepata tarehe.

Lakini kanisani nani alitaka ripoti? Huko, mwimbaji aliyeanguka husimama mbele, akatubu, akapigiwa makofi, akarudishwa kwenye kwaya. Basi.

"We tubu tu, msichana wangu," mama yake alimsihi. "Nikifika kituo cha kupimia majani chai, wanawake wananyamaza. Nimechoka."

"Nitubu nini, Mama? Si kompyuta ndiyo itubu!"

Mama alijifunga kikapu mgongoni, akashika njia ya shambani peke yake. Hapo ndipo Cheptoo aliposhindwa.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa. "Nimekosa," alisema. "Nisameheni."

Makofi yalilipuka, vigelegele vikafuata, na simu zikainuliwa kila benchi.

Kabla chai ya baada ya ibada haijapoa, Sagini akapiga simu.

"Cheptoo, kuna video nyingine inasambaa. Uko kanisani, unakiri. Tafadhali niambie hiyo pia ni kompyuta."

Cheptoo alimtazama mama yake, aliyekuwa akicheka katikati ya wanawake wenzake.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni mimi."