Malipo ya Kiti cha Marehemu

Balbina alikodi gari la Wendelin, Noah, kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa Levina. Kutoka Mlabani hadi Michenga si mbali. Kwa pikipiki angefika na kurudi mapema. Lakini siku hiyo msalaba wa saruji ulikuwa unawekwa kwenye kaburi la mumewe, Fridolin, na wazee wa ukoo, ambao hawajawahi kuamua yupi kati ya wanawake wawili ndiye mjane, walisema atakayefika wa kwanza ndiye atakayeushika msalaba. Balbina alikuwa amefunga naye ndoa kanisani. Levina, muuza vitenge wa sokoni, ndiye aliyekaa naye zile Jumapili ambazo Fridolin aliaga anakwenda mtoni kutazama bei ya samaki.

"Bei ni moja, mama, kila kitu humo humo," Wendelin alimwambia, baada ya shikamoo ndefu. Alikuwa kijana mwenye adabu. Hakuna aliyewahi kuibiwa na Wendelin bila kusalimiwa kwanza.

Balbina akafika wa kwanza. Levina alikuja baadaye kwa pikipiki, tope limempanda hadi magotini, akasimama nyuma ya watu. Balbina aliushika msalaba kwa mikono miwili, na moyo wake ulikuwa mweupe kwa furaha ambayo haikuwa ya ibada.

Saruji ilipomwagwa, Fridolin aliinuka upande wa pili wa kaburi, akapangusa udongo kwenye suti aliyozikwa nayo. Ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga, na marehemu wa Michenga msimu huo hupenda kutoka kidogo, kuangalia mashamba yao yanalimwa na nani.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema katekista Kassian.

"Milele, amina," Fridolin akajibu, kisha akaingia kwenye gari.

Alisema anataka kuona nyumba, halafu atarudi kupumzika. Balbina alimketisha kiti cha mbele, akafungua dirisha ili Levina amwone vizuri. Njiani walisubiri ng'ombe wa mfugaji Mashimba wavuke, wengi na wasio na haraka. Fridolin aliwatazama ng'ombe.

Kabla ya kufika nyumbani walipitia kwenye uwanja anapoegesha Wendelin, ili walipe, na bei ilikuwa imezaa. Kulikuwa na malipo ya tope, malipo ya kusubiri ng'ombe, na malipo ya abiria aliyeongezeka.

"Mwanangu, si ulisema bei ni moja?"

"Ni moja, mama. Ile ni ya gari. Barabara ni kitu kingine."

"Na huyu ni marehemu. Hana hata uzito."

"Kiti amekalia, mama."

Watu waliokuwa pale walikitazama kiti, wakakubali kwamba kweli kimekaliwa. Balbina hakuwa na fedha ya kutosha. Wendelin akasema kwa upole kwamba basi mzee abaki pale. Mama akikamilisha, atamchukua. Wakamweka kwenye benchi, chini ya mabati, karibu na matairi.

Balbina aliuza mpunga, akarudi. Akakuta pamezaliwa malipo ya kumtunza.

"Kumtunza vipi? Hali chakula wala halali!"

"Ndiyo maana tumemfanyia bei nafuu, mama. Angekuwa anakula ingekuwa habari nyingine."

Akaenda kutafuta fedha nyingine. Naye Wendelin, ambaye hapendi kitu kikae bure, alianza kukodisha Noah pamoja na Fridolin. Aliyemkodi wa kwanza alikuwa Levina. Jumapili, watu wanatoka misa, gari lilipita mbele ya nyumba ya Balbina, Fridolin mbele na suti yake, Levina nyuma na kitenge kipya. Balbina alikuwa jikoni. Wivu ulimkaba hadi wali ukaungua, na aliusikia ukiungua, akauacha.

Jirani alimletea habari kwamba Levina naye ametozwa. Alikuwa amecheka njiani, na Wendelin akasema kicheko kimelegeza springi za kiti.

"Huyo kijana ni mwizi mkubwa," jirani akasema.

Balbina hakusikia habari ya wizi. Alisikia kicheko. Miaka yote ya ndoa, Fridolin hakuwahi kusema jambo la kumchekesha yeye mpaka kiti kilegee.

Jumamosi alikwenda uwanjani, akamkuta Levina amefika kabla yake. Fridolin alikuwa kwenye benchi. Alikuwa amekonda, jambo ambalo marehemu wengine hawafikii.

"Mama Edna," akamwambia mkewe, "nimechoka. Gari linanirusha, jua linanipiga. Nirudisheni Michenga."

Wendelin alisema inawezekana. Fedha ya Balbina peke yake haitoshi, wala ya Levina peke yake, lakini wakiziweka pamoja deni linaisha na mzee anarudi kwake siku hiyo hiyo. Alilisema hilo bila furaha, kama mtu anayeona biashara inamponyoka.

Levina alifungua fundo la kitenge chake. "Mimi sina neno, dada. Toa nusu, nami nitoe nusu."

"Nusu?" Balbina akasema.

"Nusu kwa nusu."

Fridolin alimtazama mkewe. Macho yake yalikuwa yanaomba, na Balbina aliyaona yakiomba, tena alimhurumia, maana alikuwa mume wake na hakuwa mtu mbaya. Lakini neno lile la nusu lilikuwa limeshamchoma.

"Nilivishwa pete mbele ya padri," akamwambia Levina, "leo nije kugawana nusu na wewe?" Akamgeukia Wendelin. "Jumapili iliyopita walifika wapi?"

"Kidatu, mama."

"Kesho niandike mimi. Tupite Kidatu, twende mpaka Mikumi."

Levina akafunga fundo lake. Fridolin akainamisha kichwa, akaanza kupangusa viatu vyake, maana alijua kesho kuna safari.

Asubuhi walipokaribia nyumba ya Levina, Balbina aliomba gari lipite taratibu. Wendelin akasema kupita taratibu kuna malipo yake.

Balbina akamwambia apite mara mbili.