Kisanduku cha Kumi na Saba

Nilipoamua kusafiri nilikuwa nimepungukiwa na vitu vifuatavyo: viza, koti zito, soksi za sufi, meno mawili ya mbele, picha hata moja ya mimi na mtu ninayekwenda kumwona, na neno la kuandika kwenye kisanduku cha kumi na saba cha fomu. Akili sikupungukiwa. Nimesoma masomo ya jioni miaka sita hapa hapa Jeddah, Kiingereza na uchapaji, na fomu hazijawahi kunitisha.

Nchi ninayokwenda siitaji mpaka wanipe viza. Ni nchi ya baridi, inasifika kwa uhuru. Huko ndiko aliko Laban, fundi lifti kutoka Nyeri, niliyeishi naye Riyadh miaka kumi na tisa mpaka kazi ilipompeleka kwenye theluji, nami nikarudi Jeddah. Mwezi wa tatu, tarehe kumi na mbili, watampasua kifua kurekebisha moyo. Hospitali ilimuuliza nani atakaa naye, akaandika jina langu. Kisha, kwa kuwa hajawahi kujua kunyamaza, akaandika kwenye barua ya mwaliko kwamba mimi ni mwenza wake.

"Laban, umeandika nini?" nilimuuliza kwa simu.

"Ukweli. Kwani umekuwa haramu?"

"Huko uliko, hapana. Mimi niko Ghulail, Jeddah."

"Basi wewe andika rafiki. Karatasi zetu zipingane, wakunyime viza, nipasuliwe peke yangu. Hakuna shida, mzee."

Hivyo ndivyo Laban anavyobembeleza.

Kisanduku cha kumi na saba kiliuliza uhusiano wangu na mwenyeji. Nilifikiria kuandika binamu. Lakini mimi ni Mwarabu wa Unguja na yeye ni Mkikuyu, na nilihisi hata ofisa mwenye usingizi angeinua kichwa.

Nikaenda kwa Jokha, binti wa marehemu kaka yangu, anayefanya kazi kwenye ofisi ya safari. Akaniomba barua ya mwaliko.

"Ya nini?"

"Ami, siwezi kujaza fomu bila ya barua."

Nikampa huku nikitazama feni. Akaisoma mara mbili, akainuka, akafunga mlango.

"Ami Laban hajambo?"

"Watampasua moyo."

"Masikini. Sasa ndiyo maana hulali." Akarudi kitini. "Kila mtu aliyekwenda Riyadh, mama alimpa biriani ya watu wawili akuletee. Wewe ulidhani mama hajui kukisia chakula?"

"Alikuwa anajua?"

"Sote tulikuwa tunajua. Tulisubiri useme. Tumechoka kusubiri, wallahi."

Basi mimi nilikuwa nimejificha kwa ustadi mkubwa miaka yote hiyo, nyuma ya pazia la kioo.

Jokha hakunipa nafasi ya kuona haya. Alikuwa ameshafungua ukurasa wa ushauri kwa wasafiri mashoga, akanisomea kwa sauti ya mwalimu.

"'Msishikane mikono hadharani.'"

"Riyadh wanaume wote walikuwa wakishikana mikono sokoni. Sisi wawili tu ndio tuliokuwa hatuthubutu."

"'Hotelini ombeni vitanda viwili.'"

"Tulikuwa navyo viwili. Kimoja tulianikia nguo."

"Ami!"

"Wewe si umesema mmechoka kusubiri?"

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akageuza ukurasa wa fomu na kicheko kikaisha. Walitaka ushahidi: picha za pamoja, barua, chochote. Nusu ya umri wangu nimeshughulika kuhakikisha ushahidi haupo. Barua zake nilizichana vipande, picha hatukupiga. Katika mtihani huo nilipata alama zote, na sasa walikuwa wananiadhibu kwa kufaulu.

"Mikataba ya nyumba?" akauliza Jokha.

"Nakala anazo mwenye nyumba, kule Malaz, Riyadh."

"Zifuate. Lakini nisikilize, Ami. Hapo kwenye kumi na saba ukiandika mwenza, andika kwa mkono wako, nje ya kompyuta yetu. Bahasha inakwenda ubalozi wao wa nchi jirani, itapita mikononi mwa watu. Ikifunguliwa, ikama yako ya ukaazi imekwenda, na huenda na wewe ukaenda nayo."

"Na nikiandika rafiki?"

"Rafiki hapewi kiti cha pembeni ya kitanda."

Kafili wangu, mdhamini wa ukaazi wangu, niliyemwona akiota meno, alinipa ruhusa ya kutoka siku thelathini na kuniambia nikapumzike. Nikapanda ndege ya asubuhi kwenda Riyadh.

Abu Rayan, mwenye nyumba, alinipokea kwa kahawa na malalamiko. Wapangaji wa siku hizi ni balaa, alisema. Makapera hawafai, kila Alhamisi wanaingiza wanawake kwa mlango wa nyuma.

"Nyinyi wawili mlikuwa watu! Miaka kumi na tisa, sijaona mwanamke hata mmoja ngazini. Niliwaambia wanangu, tazameni adabu ya watu hawa."

"Tulijitahidi," nikasema.

Alitoa mikataba yote, majina yetu mawili kwenye kila ukurasa na muhuri wake wa buluu. Bila ya kuombwa akachukua karatasi akaandika kwa Kiarabu kizuri kwamba anathibitisha, Mungu akiwa shahidi, kuwa Soud na Laban waliishi nyumba moja kwa amani na uaminifu, na hajapata kuona wawili wanaopatana kama wao. Sidhani kama kuna mtu amewahi kuandikiwa cheti kizuri zaidi. Mlangoni akanishika mkono, akakawia kuuachia.

"Msalimie mwenzako. Mwambie lifti yangu imekufa tangu alipoondoka."

Niliketi kwenye ofisi ya vifurushi, hatua chache kutoka pale, fomu ikiwa gotini. Nilitoa kalamu. Sipendi hati mbaya, kwa hiyo niliijaribu kwanza nyuma ya tiketi ya ndege. Nikamfikiria Laban amelazwa, kiti cha pembeni kikiwa kitupu, naye akiwatania wauguzi ili wasione anaogopa. Kwenye kisanduku cha kumi na saba nikaandika: mwenza. Chini yake paliachwa mistari mitatu ya maelezo. Nikaandika sentensi moja: Nimeishi naye miaka kumi na tisa na ninaomba niwe hapo atakapozinduka.

Karani wa dirishani alitaka kujua bahasha ina nini.

"Karatasi za familia," nikasema.

Nikalamba ukingo wa bahasha, nikaubana kwa kidole gumba mara mbili. Yeye akazungusha utepe wake juu, akagonga muhuri, akaitupa ndani ya gunia la mizigo ya nje.