Bega la Kujaribia

Kwanza niseme kwamba dawa yangu ya kuchua ilikuwa nzuri. Wanaojua wanajua. Tangawizi nilikuwa naikausha mwenyewe juu ya bati, naitwanga pamoja na pilipili kavu, naitia kwenye mafuta ya nazi, kisha naweka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, kwa muda wa kupiga pasi nguo za wiki nzima. Mafuta hayagusi moto. Anayeyabandika motoni moja kwa moja ni mvivu, na dawa yake itanuka kuungua. Baada ya hapo nachuja kwa kitambaa, natia nta ya nyuki, na mwisho kabisa, sufuria ikishatoka jikoni, natia kafuri. Mtaani waliniita Mama Kopo, kwa sababu ya vikopo vyangu vya bati, nami jina nililipenda.

Kopo la kwanza la kila mpiko lilikuwa la mume wangu. Yeye alikuwa mwashi, na miaka ya kupiga plasta ilikuwa imemla bega la kulia. Nikimaliza kupika, alikuwa anavua shati, anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, nami nampaka dawa ikiwa bado vuguvugu. Hapo tunanyamaza wote wawili. Yeye anafumba macho, anavuta pumzi, halafu anasema, "Inachoma vizuri." Mpaka aseme hivyo, sikuwa nafunika kopo hata moja. Mtaa mzima ulijua utaratibu huo. Mtu akija kutaka dawa anauliza kwanza, "Mwashi kasemaje?"

Nilivimba kichwa, sikatai.

Mwaka jana bega lile lilianza kumuuma kwa namna nyingine, mpaka vidole vikawa vinakufa ganzi. Asubuhi moja, akihangaika kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja, aliniambia, "Mke wangu, nafikiri niende hospitali wakalitazame hili bega."

"Nenda," nikamjibu. "Kakae foleni pale wateja wangu wakuone. Waseme dawa ya Mama Kopo inatibu mtaa mzima ila nyumbani kwake."

Nilisema kwa utani. Lakini utani wangu una meno, na yeye alinijua kuliko mtu yeyote. Akacheka, akasema basi, jioni nimpake. Jioni ile nikapika mpya, nikaongeza pilipili, nikamchua mpaka nikatoka jasho. "Inachoma vizuri," akasema. Kesho yake akaenda kazini akipiga mluzi.

Alipiga mluzi miezi saba. Kisha akakohoa damu kwenye beseni la kunawia, na ndipo tulipokwenda hospitali. Daktari alituonyesha picha, akaweka kidole juu kabisa ya pafu. Ugonjwa ulikuwa pale, akasema, uvimbe uliobana mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi, na maumivu yakawa yanasikika begani. Bega lenyewe lilikuwa zima. Alituuliza kwa nini tumechelewa. Mume wangu akawahi kujibu, akasema ni kazi tu, kazi nyingi. Hakumaliza wiki tatu.

Siku za msiba nilikuwa na faraja moja, nikaishika kwa mikono miwili. Kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia, angalau hakuteseka. Ugonjwa hatukuuona, lakini maumivu nilimwondolea. Mikono hii ilimwondolea.

Halafu akaja muuza dawa wa duka la kona. Alikuwa safarini wakati wa mazishi, akaja mwezi mmoja baadaye, akakaa kwenye ukingo wa kiti na kofia mapajani.

"Pole sana, mama," akasema. "Mzee alivumilia. Mwisho mwisho hata vile vidonge vilikuwa havimtoshi."

"Vidonge gani?"

Akatazama mlango. Nikamwambia kwamba ameshaanza, basi amalize, na kwamba hatoki mpaka amalize. Akaeleza, akiizungusha ile kofia. Kila asubuhi mume wangu alikuwa anapita dukani kwake kabla ya kazi, anameza vidonge viwili vya maumivu kwa maji ya kikombe chake yeye muuza dawa. Vingine viwili alikuwa anavimeza jioni njiani, ili afike nyumbani vikiwa vimeanza kufanya kazi.

"Nilimwambia aende hospitali, mama. Si mara moja. Akaniambia atakwenda, ila nisikuambie wewe. Akasema ukijua bega lake halisikii dawa yako, hutaiamini tena mikono yako."

Alipoondoka nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Shati lake la kazi lilikuwa bado msumarini, na madoa ya saruji kwenye kola. Nikasimama mbele yake nikaligombeza kama mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, nikaliambia, hata mtoto mdogo anajua, wewe mtu mzima ulikuwa unafikiri nini? Niligomba mpaka sauti ikakauka. Ndipo nikajiuliza nani alimfundisha kuficha, na jibu sikulitafuta mbali. Nilikaa chini pale pale, kwenye kigoda chake.

Sufuria zote mbili nikazisukuma chini ya kitanda. Tangawizi ikabaki kwenye mtungi wake kabatini. Waliokuja kutaka dawa niliwaambia nimeacha, na walionidadisi niliwafungia mlango.

Miezi mitano ikapita hivyo, mpaka siku wifi yangu, mdogo wake marehemu, alipoingia amejishika bega la kulia. Yeye ni dobi, anafua na kukamua mashuka ya nyumba ya wageni. Alijitupa kwenye kiti akaanza kufungua vifungo vya blauzi.

"Wifi, nipake. Leo nimeshindwa hata kuinua beseni."

Bega lilelile, upande uleule.

"Sipaki mtu," nikasema. "Funga vifungo, twende hospitali."

"Kwa bega?"

"Kwa bega."

"Kaka yangu ulimpaka miaka ishirini. Mimi unanifukuza. Au undugu wetu tuliuzika naye?"

Basi nikamwambia. Sikuchagua maneno. Nilimwambia kuhusu kamba za viatu, na utani wangu, na mluzi, na kikombe cha muuza dawa. Nilikuwa na hakika atasimama aondoke, na nisingemlaumu. Hakusimama. Alibaki kitini, vifungo viwili viko wazi, machozi yanamtiririka.

"Siwezi kukuambia huna kosa," akasema hatimaye. "Nikisema hivyo nitakuwa kama yeye, nakufurahisha tu. Lakini na yeye alikuwa na mdomo, wifi. Angesema."

Nilishukuru kwamba hakunidanganya. Nikamfunga vifungo mwenyewe, tukaenda.

Tulikaa foleni kutwa nzima. Wateja wangu wa zamani wawili waliniona, wakanisalimia, na dunia haikuanguka. Wifi akapigwa picha. Daktari, yuleyule, aliitazama mara mbili kwa sababu nilimwomba aitazame mara mbili. Kifua safi. Ni misuli, akasema, imechoka kwa kukamua mashuka. Apumzike, na kama kuna mtu nyumbani wa kumchua kwa dawa yoyote ya moto moto, amchue.

"Umemsikia daktari," wifi akasema tukitoka. "Au nimtafute mchuaji mwingine mwenye mdomo mpole?"

Kesho yake nikazitoa sufuria chini ya kitanda, nikazisugua vumbi. Nikatwanga, nikachemsha maji, nikayayeyusha mafuta, nikachuja, nikatia nta. Nilidondosha tone kwenye kisosi baridi, nikachora mstari kwa ukucha, mstari ukabaki, ishara kwamba nta imeshika. Mikono ilikuwa bado inakumbuka. Nikatia kafuri, harufu ikajaa nyumba nzima, na kwa mazoea nikageukia mlangoni. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo wazi, ananisubiri.

Nikampaka. Nikamchua polepole, nikafuata misuli kutoka shingoni mpaka ncha ya bega. Mgongo wake na wa kaka yake ulikuwa mmoja, hata ule mfupa uliochomoza kidogo. Kisha nikaondoa mikono, nikasubiri.

Akafumba macho. Akavuta pumzi.

"Haichomi," akasema. "Hata kidogo. Tangawizi yako imelala sana kabatini. Na bega linauma vilevile."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Nilisimama pale, machozi yakaja mengi kuliko siku ya mazishi, nikanyanyua mkono nijifute. Wifi akageuka upesi akanikamata kifundo cha mkono.

"Begani haichomi, lakini machoni itachoma," akasema. Akanifuta yeye, kwa mkono wa blauzi yake.

Nilimwomba aseme tena.

"Nini?"

"Ulivyosema. Bega."

Akanielewa. Akanishika mikono yote miwili, na mafuta yake na pilipili yake.

"Linauma, wifi," akasema. "Bado linauma."