Mbeleko ya Mama Mwanamkuu

Wanaosema kaka yangu Haruni alimuua mkewe kwa uchawi wa kuchoma nguo ni waongo wakubwa! Mimi Sihaba nilikuwapo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi wa kamba walipojaa kijijini kwetu Maparoni, wasio na haya wakaanza kumwaga dawa ya kuulia wadudu wa pamba mtoni ili kamba waelee. Kisima chetu nacho kikanuka dawa. Wengine tulikunja uso tukanywa. Lakini wifi yangu Semeni alikuwa na mimba changa, na kila tone lililopita kooni lilirudi. Nikamtania, "Wifi, umebeba mtoto wa sultani nini, maji yetu hayataki?" Akacheka. Baadaye hakuweza tena kucheka, midomo ilikuwa imepasuka.

Haruni alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo Dar es Salaam, akarudi nyumbani. Mitumba imeingia, nani atanunua khanga zao? Kule, kwenye chumba cha rangi, alijifunza kugeuza kitambaa kuwa mkaa laini unaonyonya harufu na sumu ya maji. Unakiloweka kwenye maji ya mbolea ya chumvichumvi, unakikausha, unakitia ndani ya kopo, unaziba kwa udongo hewa isiingie, unakichoma taratibu. Kikishageuka, unachochea moto mkali na kukipulizia mvuke wa birika, ndipo kinapata vitundu visivyoonekana kwa macho.

Akachoma mashati ya mitumba. Tulipofungua kopo tukakuta uji mweusi umegandia chini.

"Tetroni hizi, nyuzi za plastiki, zinayeyuka," akasema. "Nataka pamba tupu."

Khanga zetu za kuvaa zilikuwa zimechakaa na kuchanika; pamba tupu iliyo nzima tuliijua moja. Siku ya kumuoa Semeni, Haruni alimpa mama mkwe mbeleko, kama ada inavyotaka, nguo ya kumshukuru kwa kumbeba binti yake mgongoni. Aliitoa kiwandani kwake mwenyewe. Mkwe huyo, Mama Mwanamkuu, hakuivaa hata Idi. Na mbeleko ikishatolewa, mkwe kuidai ni kama kuvunja ndoa. Haruni akashindwa kutamka. Nikamsemea mimi, maana ya moyoni siyaweki.

Mama akafungua kasha. "Nilipewa kwa kumbeba," akasema. "Basi na imbebe."

Ilitoka kwenye kopo nyeusi ti, nzima. Haruni akaikunja ndani ya chungu kilichotobolewa, akamimina maji. Yakadondoka tone tone. Nikanusa, wallahi, sikusikia kitu! Semeni akanywa, hayakurudi. Akaomba tena. Tulilia kwa furaha, na Haruni akacheza uani kama mwendawazimu.

Lakini mwili ulikuwa umeshakauka. Kulipokucha mimba ikatoka, damu ikakataa kukata. Tukiwa bado tunatafuta mtumbwi wa kumpeleka hospitali Utete, wifi yangu akatutoka. Nilimpenda, jamani.

Wakaja wanawake wa kuosha maiti, na ndoo za maji ya kisimani. Mama Mwanamkuu akasimama mlangoni.

"Mwanangu haoshwi kwa maji yanayonuka."

Chungu kilidondosha polepole mno. Wanaume waliochimba kaburi wakaita kutoka nje kwamba jua linakwenda, maiti hacheleweshwi.

"Mimi nilimngoja miezi tisa," mama akawajibu. "Nanyi mtaningoja."

Wakaweka majembe chini. Nikakaa naye kando ya chungu, tukisubiri kata ya kwanza ijae.